Vile vimbao vya ajabu kwenye sanduku la babu, nimevijua ni vya nini

Kama umerithi sanduku la fundi bomba wa zamani na ndani kuna vitu huvielewi, anza kwa kuangalia madoa. Sanduku la babu lilikuwa stoo Mikindani, spana na dai za kukatia nyuzi za bomba nilizijua fasta, kilichonitesa ni kimbao kimoja kama pia ya watoto na vingine vina umbo la yai, vimetobolewa katikati toka upande huu hadi huu. Mtaani wakasema ni vya wachonga vinyago, nikakataa, maana mbao ni ya njano siyo mpingo, halafu vina madoa ya kijivu ukikwaruza yanang'aa, hiyo ni risasi, ile metali ya ledi, siyo ya bunduki! Na zamani mabomba ya maji mengi yalikuwa ya risasi, laini, ukiyakunja yanabonyea.

Nikampelekea mzee mmoja fundi, nikamwamkia, kuviona tu akasema, "Mjukuu wangu, hiyo pia unaigongea mdomoni mwa bomba utanuke, bomba jingine liingie. Haya mayai unapitisha kamba tunduni, unayavuta ndani ya bomba yanyooshe palipobonyea."

Tukajaribu kwenye kipande cha bomba kilichokuwemo humo humo, yai la saizi yake likapita na bonyeo likatoka kabisa, nilifurahi sana aisee.

Ila risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiikwaruze ovyo, nawa mikono kwa sabuni, na bomba la hivyo usilifunge tena kwenye maji ya kunywa.