Orijino ya Mwaka Gani?

Jumapili usiku.

Nimeosha mikono kwa sabuni, kwa majivu, mwisho kwa mafuta ya taa, na bado mke wangu amenisukumia sahani kwa mbali kama anayemlisha mgonjwa wa tetekuwanga. Si kitu. Leo Pijo, gari letu la Peugeot, limetoka uani.

Niliwahi kugusia kwamba mwaka jana tulichanga wanne tukanunua gari bovu. Sikusema bovu kiasi gani. Lilikuwa kando ya banda la kuku huko Kisauni, magurudumu yamezama mchangani hadi kwenye rimu, na viti vya nyuma vimegeuzwa viota. Mwenyewe alituuzia kwa bei ya vyuma chakavu, akaomba tu tungoje kuku mmoja amalize kuatamia. Tukangoja.

Ni Peugeot 504, stesheni wagoni ya safu tatu za viti. Aliyekulia Kenya miaka ile hahitaji kuelezwa. Kwa vijana: ndilo lililokuwa likipakia watu kabla matatu za Nissani hazijajaa barabarani, na ukipanda la Malindi ulijua utashuka na alama ya kitasa ubavuni. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikapewa taji la Gari la Mwaka Ulaya. Wagoni ilikuja baadaye kidogo, na uzuri wake uko chini, si juu. Saluni, yaani 504 ya kawaida yenye buti, kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.74, wagoni ni 2.90, na nyuma imewekewa ekseli nzito ya kipande kimoja inayokalia springi nne, mbili kila upande. Springi zile nne ndizo zilizobeba watu, nazi na majeneza. Na 504 nyingi ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hiyo kusema kweli hatukununua gari la kigeni.

Mimi nilikuwa na wazo langu. Nililitaka liwe orijino. Nilikuwa nimetazama picha usiku kucha, najua hata rangi ya vitambaa vya viti. Jirani yangu, fundi wa umeme, alitaka liwake tu. Mwalimu alitaka limfikishe kwao Kilifi na wanawe watano. Mpwa wangu, aliyemaliza chuo juzi, anaamini hakuna kitu duniani kisichopendeza zaidi kikiongezewa taa.

Na alikuwepo Mzee. Yeye hakuchanga hata shilingi, lakini alizifungua Pijo ujanani mwake hadi akachoka kuhesabu, na sasa huja baada ya alasiri na kiti chake cha kukunja, hunywa kahawa chungu na kutukosoa. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Shikamoo Mzee, sisi tunataka lirudi kuwa orijino," aliitikia marahaba, akalizunguka gari taratibu, akainama, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole mahali kama sita. Kisha akauliza:

"Orijino ya mwaka gani, mwanangu?"

Nilidhani ananitania.

Tulipoanza kupiga msasa ndipo nilipoelewa. Juu lilikuwa na buluu iliyopauka. Chini ya buluu, nyeupe. Na ndani ya nyeupe, ubavuni, pakatokeza ukanda wa manjano. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa matatu, bwana, na si ya zamani sana: ukanda ule ni wa enzi za amri za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni. Chini ya manjano kulikuwa na nyeupe nyingine, na chini yake rangi kama ya maziwa ya ngamia ambayo nadhani ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Nikasimama na msasa mkononi. Nirudishe ipi?

Sakafuni ikawa hivyo hivyo. Tulipoinua zulia la nyuma tulikuta tundu la kutu limezibwa kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, herufi zake bado zinasomeka, limepigiliwa riveti kwa nafasi sawasawa kama mshono wa kanzu. Aliyeliweka hakulipua kazi. Bushi moja ya mbele, ule mpira unaokaa kwenye maungio ya vyuma vya magurudumu, ilikuwa imechongwa kwa kisu kutoka kwenye mpira wa tairi la lori. Tuliigombania ile bushi. Mimi nikisema itoke, Mzee akisema iko vizuri kuliko hizo mpya za siku hizi zinazopasuka mwezi wa pili. Ilitoka. Mpya ikapasuka mwezi wa tatu, kwa hiyo sote tulikuwa na haki.

Injini ndiyo iliyotula miezi. Tulipofungua kizibo cha oili tukakuta rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Nilijiona nimezika mchango wa watu. Mzee wala hakuinuka kitini. Injini hii, alisema, silinda zake si matundu yaliyotobolewa kwenye bloku. Ni silivu, mirija ya chuma inayochomoka, zinazosimama majini, chini zimekalia ringi nyembamba za kuzuia maji, na ringi zile huchoka. Unazichomoa, unasafisha pale zinapokalia, unaweka seti mpya pamoja na pistoni zake. Huhitaji mashine ya kutoboa, huhitaji kupeleka bloku mjini. "Hii tumeifanyia njiani, Mariakani, chini ya mti," akasema, na kwa sauti ile sikuweza kubisha.

Kilichobaki ni kupata hiyo seti. Duka moja la vipuri lilituuzia sanduku zuri lenye maandishi ya Kifaransa na ringi zisizolingana, nalo halikukubali kurudisha pesa. Tukapoteza wiki tano. Seti ya pili ilikuja kwenye basi kutoka Nairobi, imefungwa kwa gazeti, haina hata jina, na iliingia kama kidole kwenye pete.

Kisha vita vya mpwa wangu. Yeye alitaka tuliinue juu, tulifunge vyuma vya mbele na taa nne kubwa, "kama lile lililoshinda Safari Rally." Mwalimu, ambaye nidhamu ya darasani haimtoki hata akiwa amelala chini ya gari, akamuuliza lipi. Aliposhinda Ove Andersson mwaka 1975 alikuwa na saluni. Aliposhinda Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 alikuwa na kupe ya V6, milango miwili. Wagoni haikushinda, wagoni, alisema Mwalimu, ndiyo iliyowapeleka watu kando ya barabara kuwatazama hao wengine wakipita. Kijana alinuna siku mbili. Tukampa spika za milangoni na redio, akapoa.

Mwisho tulibadilisha mambo ambayo nisingekubali mwanzoni. Pointi za distribiuta, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, tulizitoa tukaweka mfumo wa kielektroniki, maana nimechoka kushuka mvuani na kipande cha msasa. Mikanda iko kwenye viti vyote, hata vya nyuma kabisa, na hilo halikuwa na mjadala, kuna watoto. Gia tumeiacha pale pale kwenye usukani. Jirani alikuwa ameapa kuling'oa feni na kuweka ya umeme, lakini alipolifungua alikuta lina koili ya sumaku inayolishika injini ikipata joto na kuliachia ikipoa, ubunifu wa miaka hiyo. Akakaa nalo barazani jioni nzima, analiunganisha na betri na kulitenganisha, tak, tak, tak, mpaka mkewe akamwita mara ya tatu. Feni limebaki.

Rangi ni ile ya maziwa ya ngamia. Lakini kwa ndani ya mlango wa nyuma, pale unapofungua, nimeacha kipande cha manjano kama upana wa kiganja. Na bati la debe liko palepale. Tulilipiga rangi ya kuzuia kutu kwa chini tu, herufi zake juu hazikuguswa.

Asubuhi tukaliwasha. Tulivuka kwenda Mtwapa, sisi wanne na Mzee kiti cha mbele, kofia imenyooka. Geji ya petroli inadanganya, inasema nusu siku zote. Kitu kinalia kushoto nyuma na kila mmoja ana nadharia yake.

Pale Mtwapa tulisimama kununua madafu. Mzee mmoja wa kikoi, na kapu la samaki mkononi, akatujia moja kwa moja, akatusalimu, akaliangalia gari kama mtu anayeliangalia gari alilokuwa akilisubiri.

"Malindi ngapi?"

Mpwa wangu alifungua kinywa amweleze. Mwalimu akamtangulia: "Sisi twaishia Kilifi, baba. Ingia tu, hatutozi."

Ile latchi, komeo la kiti cha kati, imetusumbua tangu tulipokirudisha. Kuikunja ili mtu apite nyuma kunahitaji watu wawili na bisibisi. Mimi mwenyewe nimekatwa nayo kidole gumba mara mbili. Nikaanza kuzunguka nikamsaidie. Yule mzee alikwisha ingiza mkono chini ya kiti, mahali ambapo hatukuwahi kutazama, akavuta kitu, kiti kikalala. Akapita na kapu lake, akakaa kwenye kona ya kulia karibu na dirisha, akakirudisha kiti kwa goti.