Dawa ilinirudishia usingizi, ikaniletea na njaa

Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi. Fundi akikwambia "njoo kesho" hushangai, unajua tu utarudi kesho kutwa. Kwa hiyo sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, iliponishika, wateja hawakuona chochote kipya. Sketi za shule zilikaa mezani zikiwa zimekatwa tu, koti la bwana harusi likakosa mkono mmoja, nami nikawa naahidi kesho kama fundi yeyote. Mafundi wenzangu huahidi hivyo kwa kuwa wamepokea kazi nyingi. Mimi nilikuwa naketi mbele ya cherehani asubuhi hadi adhuhuri, uzi umeshatungwa, na mguu haukanyagi.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe alitaka maombi ya kufunga, na vijana wa stejini walinipa dawa yao ya kila kitu, yaani pombe. Mama watoto ndiye aliyesema, "Baba Shiru, twende hospitali, na hatuendi kupima malaria." Tukaenda kliniki ya wagonjwa wa nje pale Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Mara ya kwanza sikuweza kumwambia kondakta anishushe hapo, na matatu imejaa watu wa Umoja. Nilipitiliza hadi Muthaiga, nikarudi kwa miguu pembeni mwa Thika Road. Siku hizi naita "shukisha Mathari!" na hakuna anayegeuka.

Daktari aliuliza habari za usingizi, chakula na kazi, kisha akauliza moja kwa moja kama nimewahi kufikiria kufa. Nilinyamaza. Ilikuwa kabla ya Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kufikiria tu hakukuwa kosa hata wakati huo, lakini mtu aliye katika hali ile haanzi kuchambua sheria. Nikajibu ndiyo. Hakuna polisi aliyeitwa. Daktari aliandika, akaniuliza nyumbani kuna nini cha hatari, akampa mama watoto kazi ya kutunza dawa. Bado naona swali lile lilinisaidia kuliko maneno mengine yote ya siku hiyo.

Niliandikiwa mirtazapini, dawa ya sonona, tembe moja usiku. Niliambiwa usingizi utakuja mapema lakini moyo utachelewa, wiki kadhaa, na nisiache kwa kuona haifanyi kazi. Pombe marufuku. Ikawa vilevile. Usiku wa kwanza nililala kama gunia la viazi. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito, mdomo umekauka, na sikuthubutu kushika mkasi.

Halafu njaa. Sijawahi kuona njaa ya namna ile, na nimelelewa nyumba ya watoto wengi. Unakula ugali na sukuma ukashiba, nusu saa baadaye mwili unadai mkate, chai yenye sukari nyingi, mandazi, chapati iliyobaki kwenye hotipoti. Daktari alinieleza kwamba dawa hii huzuia histamini, kemikali ya mwili, kwenye ubongo, na hapo ndipo usingizi na hamu ya kula hutoka pamoja. Kusikia hivyo kulinipunguzia aibu. Jirani anayetumia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, aliona kinyume chake: kichefuchefu na kukosa usingizi mwanzoni. Ndiyo maana nasema tembe za jirani si zako, hata mkilia kilio kimoja.

Watu walinipongeza. "Fundi, naona pesa imekubali!" Kumbe mtu hawezi hata kunenepa kwa ugonjwa Nairobi bila kuombwa mkopo. Lakini tepu ya kupimia iko shingoni mwangu kutwa, na tepu haisifu mtu. Kiuno kilipanda, nikaanza kutoa mishono ya suruali zangu, na kitambaa cha ziada kilipokwisha nikarudi kwa daktari.

Sikuacha dawa kimyakimya, ingawa nilitamani. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi na kichefuchefu, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Nilimwambia yote, na cha kwanza tulichobadilisha kilikuwa saa. Nilikuwa nameza saa nne usiku. Sasa nameza saa mbili, baada ya chakula. Njaa ya usiku ikija inanikuta nimelala, na ule uzito wa asubuhi unaisha mapema.

Mengine niliyapata kwa kujichunguza. Nikiruka chakula cha mchana, jioni nashindwa kabisa, kwa hiyo mchana nakula ndengu au githeri, hata kama sina hamu ya kuamka kitini. Mkate siwezi kuufukuza nyumbani, kuna watoto. Ila simu nimeifukuza jioni. Kati ya kibanda changu na nyumbani kuna smoki pasua, mutura, viazi karai na chipsi, na ukiwa na M-Pesa mfukoni kila mmoja wao ni rafiki yako. Jioni simu anabeba kijana wangu wa kazi, ananiletea baadaye. Siku nyingine ananiletea simu na mutura. Nakula, kesho yake naendelea.

Kazi ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nangoja nijisikie kushona ndipo nishone. Daktari aliniambia nianze na kitendo, hamu itafuata au isifuate, lakini nguo itakuwa imeshonwa. Sasa jioni simalizi mshono. Naacha kitambaa chini ya mguu wa cherehani, sindano imezama katikati ya mstari. Asubuhi sina cha kuamua, nakanyaga tu, na nikishafika mwisho wa mstari ule huwa nimeshaamka. Saa za mwanzo ni za pindo na vifungo. Kukata nakungoja kichwa kiwe chepesi, kwa sababu mshono unafumuliwa, lakini kitambaa cha mtu kilichokatwa vibaya utakilipa.

Wateja nimepunguza. Msimu wa sare za shule nachukua zinazoingia kwenye rafu moja. Nyingine nampa mwenzangu wa jirani. Fedha zinapungua, sitadanganya, na kodi ya nyumba haijui sonona. Lakini yule bwana harusi alipata mkono wa pili wa koti, na alioa akiwa amelivaa.

Kliniki bado naenda. Wananipima uzani na sukari, na kuna dawa nyingine tungeweza kujaribu isiyonenepesha hivi. Tulipoizungumza nilichagua kubaki na hii, kwa kuwa usingizi wangu nimeutafuta sana. Daktari anataka niendelee angalau miezi 6 tangu nilipopata nafuu, ndipo tuanze kuzungumzia kupunguza, kidogo kidogo. Kiuno hakijashuka, ila kimeacha kupanda.