Mwili ni hekalu, sawa, lakini jana ulilala saa ngapi?

Ule mstari wa 1 Wakorintho 6:19 naona umeshageuzwa fimbo. Kijana kachora tatoo, anaambiwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Dada kavaa kitu hakijawapendeza watu, hekalu. Anayevuta sigara ndo kabisaa, huyo anapigwa hekalu mpaka anatafuta mlango. Na sisemi mtume Paulo, aliyeandika barua hiyo kwa kanisa la Korintho, hakuwa anakataza kitu, ukianzia mstari wa 12 unaona wazi anaongelea zinaa, kulikuwa na watu Korintho wanajitetea kwamba vitu vyote ni halali kwangu, wakawa wanaenda kwa makahaba wakiona ni mambo ya mwili tu hayo. Paulo akawabana: mwili si mali yenu, mmenunuliwa kwa thamani, mtukuzeni Mungu katika miili yenu.

Sasa mi ninachouliza, mbona hilo hekalu linakumbukwa tu tukitaka kumkataza mtu kitu? Baba anakaa miaka bila kupima presha na hakuna anayemwambia mwili ni hekalu. Mtumishi anashinda njaa mchana kutwa, usiku anakula kwa haraka, analala masaa manne, kesho tena, na tunamsifia kwamba huyu kweli anawaka moto kwa ajili ya Bwana! Kuna kitu hakijakaa sawa hapo.

Nadhani shida ni kwamba wengi wetu kimoyomoyo tunawaza kama wale wale wa Korintho, ila tumepita mlango wa pili. Wao walisema mwili si kitu kwa hiyo fanya unachotaka, sisi tunasema mwili si kitu kwa hiyo uchoshe mpaka ukatike, cha muhimu roho. Wakati imani yenyewe imejaa mwili. Neno alifanyika mwili, Yohana 1:14. Yesu kafufuka, wanafunzi wanadhani wameona roho, yeye anaomba chakula anakula samaki mbele yao, Luka 24. Na kwenye kanuni ya imani tunakiri ufufuko wa mwili, halafu tukitoka nje tunaongea kana kwamba huu mwili ni mfuko wa kutupa tukifika.

Stori ninayoipenda kuliko zote kwenye hili ni ya nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Mtu katoka Mlima Karmeli, kapambana na manabii 450 wa mungu wa uongo Baali, kashinda, kakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka mji wa Yezreeli, halafu Yezebeli mke wa Ahabu anatuma ujumbe mmoja tu kwamba nitakuua na jamaa anaporomoka. Anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Yaani nabii mkubwa hivyo anamwambia Mungu yatosha. Tungekuwa sisi tungeshaanza kumkemea, wapi imani yako Eliya, au tungemwitia mkesha. Malaika alipokuja hakuhubiri hata sentensi moja. Alimgusa akamwambia inuka, ule. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala TENA, na malaika hakumshangaa kwamba kalala tena, alirudi mara ya pili akamwambia inuka ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Swali gumu, lile la unafanya nini hapa Eliya, lilikuja baadaye kule mlima Horebu, mtu ameshakula na ameshalala. Mungu alijua mpangilio.

Na Yesu mwenyewe alilala kwenye mashua dhoruba inapiga. Marko 6:31 anawaambia wanafunzi twendeni faragha mkapumzike kidogo, na watu wenye shida walikuwa bado wapo wengi tu, hawakuwa wamekwisha. Hapo ndo pananigusa, maana sisi tunasubiri kazi iishe ndo tupumzike, na kazi ya huduma haiishi.

Kuhusu hospitali nitaongea kwa ukali kidogo mnisamehe. Timotheo, mwenzake Paulo kwenye huduma, alikuwa na tumbo linamsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya watu, alimwandikia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia huna imani. Luka anaitwa tabibu mpendwa na hakuna anayeona aibu. Kwa hiyo mtu anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ameombewa, huyo anacheza na uhai wa mtu. Presha inaweza kuwa juu na usisikie chochote, kwa hiyo kujisikia vizuri baada ya maombi sio kipimo, kipimo ni mashine. Mtu wa kisukari anayechoma insulini akiamua kufunga bila kuongea na daktari sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Kufunga ni kuzuri, nafunga pia, ila kama mwili wako hauruhusu kuna namna nyingine ya kujinyima, zima simu kwa mfano, wengine hiyo ingewauma kuliko chakula!

Najua kuna atakayenitolea 1 Timotheo 4:8, kujizoeza mwili kwafaa kidogo. Sawa, lakini kidogo sio sifuri jamani. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kutembea kwa haraka kunahesabika, huhitaji jimu. Wanaoshinda jimu wanajipiga picha kwenye kioo nao wana mazungumzo yao na Mungu, ila siwaongelei leo. Na ambaye mwili wake ni mgonjwa au una ulemavu asije akasoma hapa akadhani hekalu lake ni la daraja la pili, Paulo alikuwa na mwiba mwilini, yaani shida iliyomtesa, akaomba mara tatu uondoke na haukuondoka, na bado ndiye aliyeandika ule mstari wa hekalu.