Dar mpaka Dandora na flashi mfukoni

Wabongo bana, ukimwambia mtu unapanda basi Dar mpaka Nairobi kisa ngoma mpya za hip hop ya andagraundi anakuuliza kwani huko hakuna YouTube? Mimi huwa sibishani, maana mtu anayesubiri redio imwambie kipi kipya unamuelewesha nini sasa. Hip hop imekufa, hip hop imekufa, hiyo habari naiskia tangu nikiwa shule, na kila mwaka simu inajaa mpaka nafuta picha za harusi za ndugu zangu ili albam ziingie. Imekufaje hiyo?

Basi, nikatokea Mbezi, stendi ya Magufuli, alfajiri, ule muda wapiga debe wanagombania begi lako na we bado hujaamka vizuri. Mpango ulikuwa Arusha kwanza, kuna dogo wa Kijenge tumejuana mtandaoni kwa kubishana mambo ya vina, afu ndo nivuke Namanga niende Nairobi, kwa wana wa mtaa wa Dandora ambao walikuwa wanaachia EP (albam fupi) ijumaa ile na wakaniambia njoo uisikie kabla haijatoka. Mwaliko kama huo unakataaje? Usiku wa kuamkia safari nilishusha kila kitu kwenye simu kwa waifai ya kazini (bosi kama unasoma hapa, sio mimi), sababu barabara ile ukitegemea bando, ukishafika pande za Same mtandao unakuja ukijisikia, na hakuna kitu kinaniuma kama vesi kukatika pale pale panchilaini inapotaka kushuka.

Kwenye siti nikapangwa na mama mmoja anaenda Moshi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, tukakaa. TV ya basi inapiga bongo muvi kwa sauti ambayo hata dereva nadhani ilikuwa inamkera, mi nimevaa hedfoni zangu namskiliza Dizasta Vina, mchanaji wa hapa hapa Bongo, na kama humjui huyo mtu sijui nikuanzie wapi. Jamaa anaandika visa. Anaingia ndani ya mhusika, anaongea kama yeye, anadanganya kama yeye, na we msikilizaji unatakiwa ushtuke mwenyewe kwamba huyu anayenihadithia ndo mwenye makosa. Albam yake A Father Figure nimeiskiliza sijui mara ngapi na bado kuna mistari naikuta nasema ala, kumbe alimaanisha hivi. Sio muziki wa kuskiliza huku unaosha vyombo.

Mama akaniuliza unaskiliza nini mbona unatingisha kichwa peke yako, nikampa upande mmoja wa hedfoni. Akaskiliza weee, akasema, "Huyu kijana anaongea sana, hapumui?" Nikacheka mpaka konda akageuka. Nikambadilishia, nikamuwekea Nash MC, yule Maalim, ambaye anachana kiswahili kitupu bila kuchomekea kizungu, na nikamwambia mama huyu ana albam kaiita Mzimu wa Shaaban Robert. Hapo akakaa vizuri. Kumbe mwalimu mstaafu! Tulikuwa tumekaribia Segera, akanyoosha kidole kulia kwenye njia ya Tanga akasema kwao Shaaban Robert ni huko, amewafundisha watoto mashairi yake miaka na miaka. Afu akaanza kuhesabu. Kwa vidole, kwenye goti, anahesabu mizani za mchanaji wa hip hop! Akasema huyu mizani zake zinazidi zinapungua ila vina anavijua. Yani mimi nimekaa vijiweni na wachambuzi wa kila aina, hakuna aliyewahi kunichambulia vesi namna ile, na hakuwa hata anajua neno floo, yani ule mtiririko wa maneno juu ya biti, maana yake nini. Alishuka Moshi na majina mawili kayaandika nyuma ya tiketi.

Arusha niliingia giza limeshakuwa giza. Huu mji kwenye hip hop una heshima yake, hawa ndo waliotupa kundi la X Plastaz, ambao 2004 walitoa albam na lebo ya Ujerumani, ndani yake kuna sauti za kimasai zimekaa juu ya biti na wala hazijapachikwa kwa ajili ya watalii. Afu likaja kundi la Watengwa wa Kijenge, kina JCB na Chindo. Kwahiyo ukikutana na dogo wa miaka ishirini kasoro Kijenge anachana, usishangae, ule mtaa una ukoo.

Studio ya dogo ni chumba chake cha kulala. Godoro linasimamishwa ukutani wakati wa kurekodi na linarudi chini wakati wa kulala, maiki imevalishwa soksi, laptopu ina kioo chenye ufa unaopita katikati kwahiyo programu ya kurekodi anaiona nusu nusu. Shida yake kubwa sio hiyo. Shida ni jirani ana mashine ya kusaga. Mchana kutwa inanguruma, kwahiyo dogo anarekodi usiku, ila usiku nako mama yake amelala ukuta wa pili, kwahiyo anachana kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini bana ndo imekuwa staili yake! Anakunong'oneza vitu vizito, hapigi kelele hata kidogo, unajikuta unainama kumfata. Kuna ngoma moja aliirekodi jioni kwa haraka na mashine ikaingia kwenye maiki, ule mngurumo unasikika mwanzo mpaka vesi ya kwanza inaisha. Alitaka kuifuta. Nikamwambia ukiifuta hiyo ngoma mimi na wewe basi.

EP yake nzima akanipa kwenye flashi, kaiandika jina kwa maka peni juu ya kipande cha plasta ya kidonda. Sijui kwanini ila kitu kama hicho napendaga kuliko linki. Zamani wana walikuwa wanauza CD mkono kwa mkono, unampigia mtu anakuletea mpaka kituo cha daladala, mnapiga stori, saivi unatuma hela kwa simu unapewa linki imeisha hiyo. Ni rahisi na inamfikia mtu wa Songea na wa Kigoma siku hiyo hiyo, sikatai, ila ule muda wa stori ndo umepotea.

Kesho yake nikadandia noah ya Namanga. Longido pale Mlima Meru umebaki nyuma, barabara imenyooka, vumbi na ng'ombe. Mpakani siku hizi hakuna mambo ya kutembea na begi kutoka ofisi hii mpaka ile, tangu kijengwe kituo cha pamoja unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja. Afisa wa upande wa Kenya, mtu mzima kidogo, akaniuliza unaenda kufanya nini, nikamjibu kuskiliza muziki. Muziki gani? Hip hop, Dandora. Akaniangalia, akagonga muhuri, akaniambia basi usisahau Kalamashaka. Mzee wa watu! Mwaka 1997 ngoma ya hilo kundi la Dandora, Tafsiri Hii, inatoka nadhani naye alikuwa kijana ana nywele.

Nairobi nikapokelewa na mwenyeji wangu tao, tukapanda nganya. Hapa naomba nitulie kidogo. Nganya ni matatu lakini sio matatu, ina spika mpaka chini ya siti, ina skrini, kuta zimechorwa nyuso za wachanaji, na besi inakugonga mgongoni mpaka unakohoa. Wakapiga Wakadinali, kundi la hapo hapo Nairobi. Hawa jamaa ilipotoka albam yao Victims of Madness 2020 mimi nilikuwa nabembeleza washkaji Dar waiskilize, wananiambia hatuelewi wanachosema, na leo gari zima, mpaka dada aliyepakata mtoto, wanaitikia kila mstari. Sasa niambieni redio ndo iliwafikisha hapo? Nganya ziliwabeba kwanza. Dar daladala zikiamua kupiga andagraundi wiki moja tu, biashara itabadilika, ila daladala zetu spika zenyewe zinakoroma.

Dandora imegawanywa fezi fezi, yani awamu, mwenyeji anakaa fezi foo, ya nne, na wakati upepo unatoka upande wa jalala utajua tu, sikufichi. Kusikiliza EP kulifanyikia kinyozi. Kiti cha kunyolea, kioo kirefu, subwufa juu ya kabati, tumejaa mpaka mlangoni na kuna jamaa anaendelea kunyolewa kama hakuna kitu. Sheria yao nimeipenda: ngoma ikianza hakuna kuongea, hakuna kushika simu, mstari ukikugusa unapiga ukuta, na kuta zikipigwa za kutosha prodyuza anasimamisha anarudisha. Kuna mstari mmoja ulirudishwa mpaka aliyekuwa ananyolewa akasimama na kitambaa shingoni, kichwa nusu. Nusu ya sheng ilinipita, nakiri, dogo pembeni yangu alikuwa ananitafsiria sikioni ila na yeye tafsiri yake ilikuwa inahitaji mtafsiri.

Maoni yangu kama mtu wa nje, na niliwaambia usoni: kwa kupanda na kushuka juu ya biti wale watu wametuacha, sauti inaingia pale ambapo hukutarajia, inatoka, inarudi. Ila dril, huo mtindo wa biti, imewakaba. Ngoma nne mfululizo zina besi ile ile inateleza vile vile, ukitoka kwenda kununua maji ukarudi hujui kama ni ngoma nyingine. Wakacheka, wakaniuliza na nyie je? Nikawaambia sisi tuna mashairi, tuna visa, ila hatuwezi kumaliza albam bila kumtukana msanii wa bongo fleva ambaye hata hajui kama tupo. Mtu ana vesi tatu, mbili za kulalamika. Andika basi kuhusu mama yako, kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu chochote!

Ikafika zamu ya flashi yangu. Niliichomeka nikiwa na wasiwasi maana mikisi ya dogo wa Kijenge ni ya hivo hivo tu. Kimya. Ngoma ya kwanza ukuta mmoja ukapigwa, ya pili wawili watatu. Ikaja ile yenye mngurumo, na prodyuza akasimamisha hata kabla dogo hajafungua mdomo.

"Maze, hii sound mlisampo wapi?"

"Hamna sampo. Mashine ya kusaga ya jirani."

"Ati nini? Rudisha hapo."

Akachomoa flashi akaihamishia kwenye laptopu yake, akakata kipande kile cha mngurumo, akakizungusha, akakishusha toni, akapandisha midundo ya ngoma na makofi juu yake, yote hiyo pale pale kwenye kiti cha kinyozi na watu wamemzunguka. Kabla yule jamaa hajamaliza kunyolewa upande wa pili biti ilikuwa imesimama. Wakamtumia dogo wa Kijenge WhatsApp. Akajibu kwa voisi, anapiga kelele mpaka sauti imepasuka, mtu ambaye nimezoea ananong'ona, na nyuma yake mama yake anasikika anauliza kuna nini huko saa hizi.

Vesi yake imeshaenda, ya wana wa fezi foo nayo ipo ndani, bado mikisi tu. Kopi ya mwanzo ninayo. Msije inboksi kuniomba, situmi.