Kumbukumbu ya mradi: gari la deraya la bati limekunywa maji

Jumapili, Uyole, Mbeya. Baridi inang'ata, maji ya pipa utadhani yametoka kwenye friji. Nimeishusha modeli yangu ya BTR-60 majini kwa mara ya kwanza. Ilivyoanza tu kwenda mbele ikainamisha pua, ikazama na mota zake zote mbili. Mpwa wangu aliyekuwa anarekodi kwa simu akauliza, "Mjomba, si ulisema hii ni ya majini?"

Kwa wageni: natengeneza, kwa kipimo cha 1 kwa 20, gari la kubebea askari la Wasovieti wa miaka ya 1960. Lililolitangulia, BTR-152, lilikuwa lori lililovishwa chuma, haliogelei. Hili lina magurudumu manane na linavuka mto bila kungoja daraja. Langu ni bati la kopo la mafuta ya kupikia, matairi ni kandambili, mota nimezichomoa kwenye redio kaseti mbovu za Mwanjelwa.

Jumatatu nikalipeleka kwa Mangi, nikaomba mzani wa sukari. Kilo moja na robo tatu! Gari halisi lina tani 10 na ushee. Gawa kwa 8,000 (20 mara 20 mara 20), langu lilipaswa kuishia kilo moja na robo na kidogo. Hiyo nusu kilo ni betri na risasi ya kulehemu niliyomwaga kwenye viungio kama naziba sufuria. Yaani nimejenga tani 14, uzito wa mjukuu wake BTR-80, ndani ya bodi ya babu. Uzito huohuo ndio umewatoa wengi majini: magari ya deraya ya Piranha ya mwanzo ya Uswisi yaliogelea, lakini Stryker ya Marekani, ya ukoo huohuo, imepita tani 16 na haiogelei.

Mnaoniambia nikate mlango wa ubavuni: sikati, mniache. BTR-60 ina injini mbili za petroli nyuma, kwa hiyo askari walitokea juu, wazi kwa risasi. BTR-70 ikapewa kilango cha kutoka kwa kuinama. BTR-80 ikapata mlango wa vipande viwili, cha chini kikishuka kinakuwa ngazi. Ni maendeleo, sawa, ila kwangu kila tundu ni mlango wa maji.

Kosa kubwa lakini lilikuwa puani. Kuna kibao kilicholala mbele, mimi nikadhani ni urembo, nikakigundisha. Kumbe dereva hukisimamisha kabla ya kuingia majini, wimbi lisipande juu ya bodi.

Jumamosi. Nimekwangua risasi ya viungio, nimeweka betri ndogo, kibao kipya ni cha kasha la CD, kimesimama. Nyuma, rafadha ndani ya bomba la sindano inasukuma maji. Gari halisi nalo hufyonza maji chini na kuyatema nyuma, likaenda kama kilomita 10 kwa saa. Limezunguka pipa dakika nne. Ndani nimekuta maji kijiko kimoja cha chai, yote yamepita ekseli ya tatu kushoto. Grisi haijatosha pale. Kesho najaribu mpira wa bomba la sindano.