Majina Yaliyofichwa Ndani ya Kaseti

Mwishoni mwa miaka ya tisini, katika mtaa wa Umoja jijini Nairobi nilikokulia, tulikuwa na kaseti moja ya gemu za televisheni, ya rangi ya njano, ambayo kibandiko chake kilijigamba kwamba ina gemu 9999. Gemu zenyewe hazikufika hata hamsini. Orodha ilizirudia zilezile, kila mara ukianzishwa katika hatua tofauti, na karibu zote hazikuonyesha zilitengenezwa na nani. Waliozinakili walikuwa wamefuta jina la kampuni kwenye skrini ya kwanza, na wakati mwingine hata jina la gemu, kwa hiyo sisi watoto tukazipa majina yetu wenyewe: Tanki, Mchimbaji, Pengwini.

Nataka kuzitetea hizo tatu kwa majina yake halisi. Katika orodha za gemu bora za zamani ninazozisoma mara kwa mara, ni nadra mno kuzikuta zikipewa heshima inayozistahili. Sababu mojawapo naifahamu: nyingi za orodha hizo huandikwa na watu waliokulia Marekani, na enzi zile Tanki na Pengwini hazikuuzwa huko kwa ajili ya mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo. Kwetu zilifika kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwezi wa Julai 1983. Hivyo mtoto wa Umoja alizifahamu gemu ambazo mtoto wa Chicago hakuwahi kuzigusa, lakini akakua bila kujua zinaitwaje.

Nianze na Tanki. Jina lake ni Battle City, na ilitolewa na kampuni ya Namco mwaka 1985. Kazi yako ni kumlinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali chini ya skrini, huku vifaru 20 vya adui vikiingia kutoka juu, visivyozidi vinne kwa wakati mmoja ukicheza peke yako. Maelezo hayo yanaifanya ionekane kuwa gemu ya kufyatua risasi tu, na hapo ndipo inapodharauliwa. Ukiicheza kwa makini utagundua kwamba ni gemu ya kuta. Risasi moja haiangushi tofali zima, bali humega kipande chembamba cha upande ulioulenga, kwa hiyo unaweza kutoboa tundu la kumpigia adui na bado ukabaki umejikinga. Tundu hilo, hata hivyo, halizibiki. Mara nyingi risasi inayomwangamiza tai hupitia kwenye njia uliyoifungua wewe mwenyewe dakika moja kabla, na hakuna gemu nyingine ya wakati ule iliyonifundisha kwa ukali kiasi hicho kufikiria nitaacha nini nyuma yangu.

Mkicheza wawili mambo huzidi kunoga. Risasi yako ikimpata mwenzako haimwui, ila humgandisha kwa muda, akabaki akimemeta huku adui akimsogelea. Kaka yangu nami tulikosana sana kwa ajili ya jambo hilo, hadi tukaafikiana kwamba yeye alinde upande wa kushoto nami wa kulia. Kisha zipo nyota. Ya kwanza huongeza kasi ya risasi, ya pili hukuwezesha kufyatua mbili kwa mfululizo, na ya tatu hukupa uwezo wa kubomoa chuma, lakini ukifa unapoteza zote. Ilitubidi tujifunze kuachiana nyota, kwa sababu mchezaji mmoja mwenye tatu na mwingine asiye na hata moja ni timu dhaifu mno. Yote hayo, pamoja na hatua 35, yamo katika kilobaiti 24.

Kilichotushika zaidi ni chaguo la tatu kwenye skrini ya kwanza, ambalo wengi walilipita bila kuligusa. Ukilichagua, unapewa uwanja mtupu wa miraba 13 kwa 13, ujenge unavyotaka kwa matofali, chuma, maji, vichaka na barafu. Kasoro yake ni moja: ukizima mashine, ulichokijenga kinapotea. Ndipo kaka yangu alipochukua daftari la hesabu la miraba na kuanza kunakili viwanja vyetu kwa penseli, alama ya msalaba ikiwa tofali, mraba uliopakwa ukiwa chuma, na mawimbi mawili madogo yakiwa maji. Aliuchora mtaa wetu wote humo: safu za nyumba, uwanja wa shule ukiwa wazi katikati, na mto pembeni ambao hakuna kifaru kingeweza kuuvuka. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Mchimbaji ni Lode Runner. Aliyeibuni ni Douglas E. Smith, alipokuwa mwanafunzi katika jimbo la Washington, na kampuni ya Broderbund ikaitoa mwaka 1983 ikiwa na hatua 150. Sisi tulicheza toleo la Famicom lililotengenezwa na kampuni ya Hudson Soft mwaka 1984. Ndani yake huwezi kuruka wala kumpiga mtu. Unaweza tu kuchimba shimo kushoto au kulia kwako, na baada ya muda mfupi shimo hujifukia lenyewe, likimfukia yeyote aliyemo. Ukitaka dhahabu iliyozikwa safu mbili chini, ni lazima uchimbe mashimo mawili yanayopakana, utumbukie katika moja, kisha uchimbe chini ya lile la pili kabla halijafungwa, huku maadui wakikukimbilia. Hapo Desemba nzima ya likizo ilituishia. Bomberman, gemu ambayo inasifiwa kote, ilichota humo: sura ya maadui wa Lode Runner ndiyo Hudson iliyompa shujaa wake mwaka 1985, na ukiimaliza Bomberman kwenye Famicom, shujaa huyo hugeuka kuwa mkimbiaji wa Lode Runner.

Pengwini, yaani Binary Land, pia ni ya Hudson Soft, na toleo lake la Famicom ni la mwaka 1985. Unawaongoza pengwini wawili wapendanao, Gurin na Malon, kwa pedi moja. Ukibonyeza kushoto, mmoja anakwenda kushoto na mwenziwe kulia, nao wanapaswa kukutana kwenye moyo ulio juu ya skrini kwa wakati mmoja, kila mmoja akitokea upande wake. Mmoja akinaswa na utando wa buibui, mwenzake ndiye wa kumwokoa. Televisheni yetu ilikuwa Great Wall ndogo isiyo na rangi, kwa hiyo waridi na buluu zilifanana kabisa, na kila hatua ilipoanza tulitikisa pedi kidogo ili tujue nani ni nani. Miaka mingi baadaye nilisikia piano redioni nikasimama: ulikuwa ule muziki wa pengwini, nao kumbe ni wa Mfaransa Erik Satie.

Road Fighter, gemu ya magari ya kampuni ya Konami, siitetei hapa. Ina wapenzi wake wa kutosha.

Leo katika vibanda vya gemu mtaani utakuta kandanda, na siwalaumu vijana, kwa kuwa kandanda ndiyo inayojaza viti. Hata hivyo, Desemba iliyopita nilinunua mashine iliyotumika katika barabara ya Luthuli, nikaiunganisha kwa ajili ya binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi. Jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Mjomba, mbona tofali halianguki lote?" Nikajua kwamba ameiona.

Nilimweleza kwamba Battle City ina majina ndani yake. Wakati ule kampuni hazikuwa na mazoea ya kuwataja wafanyakazi wao, na waliotengeneza gemu hii waliuficha ujumbe katikati ya programu, mahali ambapo mchezaji wa kawaida hafiki. Humo mmeandikwa Ryouiti Ookubo, Takefumi Hyoudou na Junko Ozawa, ambaye ndiye aliyetunga muziki wake. Humo pia yumo mwandishi wa programu anayejiita Open-Reach, aliyetangaza kwamba anampenda mwanamke fulani na kumtaja kwa jina.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaingia kwenye uwanja mtupu, akaanza kujenga herufi za jina lake kwa matofali. Miraba 13 ilimtosha herufi tatu tu. Vifaru viliposhuka vikaanza kuimega herufi ya kwanza, naye akaacha kabisa kumlinda tai, akawa anailinda ile herufi. Kabla hatujazima mashine nilimletea daftari, tukatafuta ukurasa usioandikwa, akanakili uwanja wake mraba baada ya mraba.