Meli ya Sentimita 14

Kijana alikuja akiwa ameshaamua: tatoo ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kifuani, upande wa moyo, na chini yake jina la babu yake pamoja na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Alikuwa fundi mitumbwi wa Kibirizi, hapa Kigoma. Babu huyo aliwahi kuchochea tanuru la Liemba enzi za mvuke, kabla haijafungwa injini za dizeli miaka ya 1970. Kijana alifuatana na dada yake mkubwa, ambaye alikaa kwenye benchi la chumba changu pale Mwanga, mkoba mapajani, akasema mapema kabisa: "Kaka, mimi sikuja kuchorwa. Nimekuja kushuhudia ujinga."

Nilimwomba kijana avue shati. Sikuwa na haja na kifua bado. Nilitaka kuona kovu la chanjo ya kifua kikuu begani. Wengi wetu tunalo, na kwa mchora tatoo ni kipimo cha bure. Likiwa bapa au limebonyea kidogo, ngozi hiyo inapona vizuri. Likiwa limevimba, linang'aa, tena limevuka mipaka ya kidonda chenyewe, sindano isikaribie. La kwake lilikuwa bapa. Makovu ya patasi vidoleni nayo bapa. Nikaridhika nusu.

Nusu nyingine ilikuwa kwenye benchi. Dada alipogeuka kutazama mlangoni, nyuma ya ndewe ya sikio lake niliona uvimbe mgumu wa kama sentimita moja.

"Samahani dada, hilo la sikioni lilianzaje?"

"Nilitobolewa nikiwa darasa la tano. Nikaenda kulikata, likarudi kubwa kuliko la kwanza."

Hiyo ni keloidi, na tabia yake ndiyo hiyo: ukiikata bila matibabu mengine, hurudi na hasira. Hutembea katika familia, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na ina sehemu zake inazozipenda: ndewe, taya, mabega, na katikati ya kifua, ambako ngozi inavutwa muda wote. Mtu anaweza kuwa na kovu bapa la chanjo na bado keloidi ikamwotea kifuani. Basi kifua kikatoka kwenye mazungumzo. Kijana akanuna. Dada akafurahi mapema mno, maana sikuwa nimesema mkono haufai.

Bahati nzuri meli yenyewe ilikuwa inautaka mkono. Liemba ni ndefu, mita 71 hivi kwa upana wa 10. Kwenye picha aliyokuja nayo simuni, urefu ulizidi mara nne ya kimo, dohani ikiwemo. Ukiibandika juu ya msuli wa kifua inapinda, tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya meli, zinaachana kila mtu anapovuta pumzi. Kigasha, upande wa ndani, ni kirefu na hakichomwi sana na jua. Nilipima cha kwake nikapata sentimita 24. Ukitoa 4 karibu na kiganja, ambapo ngozi ni nyembamba na hukunjwa kutwa, na 6 kwenye kikunjo cha kiwiko, inabaki meli ya 14.

Hapo ndipo penye ubishi na kila mteja, kwa sababu alitaka vyote: madirisha yote, vyuma vya sitaha, kamba za mlingoti. Wino unakaa kwenye kina cha milimita moja na nusu hivi, chini ya ngozi ya juu inayobanduka na kujijenga upya kila mwezi. Ukiwekwa juu mno, unaondoka na magamba. Ukizamishwa mpaka kwenye mafuta, unatambaa kama tone la mawese kwenye shuka, na mstari unabaki na kivuli cha bluu pembeni. Hata uliokaa sawasawa hunenepa kadiri miaka inavyokwenda. Dirisha la milimita 2 leo ni doa baada ya miaka kumi. Mimi huacha milimita 3 wazi kati ya kitu na kitu, kwa hiyo madirisha yakabaki 9 na kamba zikaondoka. Jina la babu likashuka chini ya mstari wa maji, kwa herufi kubwa za milimita 8; ndogo kuliko hapo, matumbo ya A na B huziba. Kwa miaka miwili nafasi ikakosekana.

"Afadhali," dada akasema. "Wa kuzaliwa wenyewe mama alikadiria tu."

Alitaka pia nyeupe ubavuni na nyekundu chini. Nikakataa zote mbili. Rangi ya ngozi yetu iko juu ya wino, si chini yake, kwa hiyo nyeupe hugeuka manjano chafu au hupotea kabisa, na nyekundu ndiyo inayoongoza kwa kuwasha na kuvimbisha. Nyeusi peke yake inatosha. Pale penye mwanga unaacha ngozi.

Ikabaki meli itazame wapi. Kijana aliweka karatasi mkononi, omo kwenye kiganja, akashusha mkono.

"Inazama hiyo," dada akasema.

Kweli ilikuwa inazama, pua mbele. Na Liemba imeshazama mara moja: Wajerumani walioijenga kwao Papenburg mwaka 1913 na kuiunga hapa Kigoma waliizamisha wenyewe Julai 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Omo ikageuzwa kuelekea kiwiko.

Hapo dada, ambaye nadhani alishasahau kwamba anapinga, akauliza kwa nini asipakwe piko kwanza wakaitazama wiki mbili. Wazo zuri, dawa mbaya. Piko nyeusi nyingi ni rangi ya nywele, na ile kemikali ya PPD iliyomo huweza kuchoma ngozi mpaka malengelenge, kisha mtu akawa haivumilii rangi ya nywele maisha yake yote. Stenseli, karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi, inatosha. Nikanyoa kigasha kwa wembe mpya, nikafuta kwa spiriti, nikapaka jeli kidogo sana (ikizidi, mistari inayeyuka), nikabandika karatasi ya zambarau akiwa amesimama, mkono umening'inia. Watu wengi huibandika mkono ukiwa umelala mezani, kiganja juu. Kigasha hujizungusha: mstari ulionyooka mezani unageuka nyoka mkono ukirudi pajani. Hata hivyo ya kwanza ilikaa juu kidogo upande wa kiwiko, nikaifuta nikaanza upya.

Kwa lile sikio la dada, siku hiyo sikukubali kuchora meli nzima. Tulichukua kipande cha mstari wa maji, sentimita 2 katikati, ambacho kingekuwa sehemu ya mchoro baadaye. Dada akasogea. "Na hiyo sindano jana ilimchoma nani?" Swali hilo nalipenda. Nikampa pakiti asome tarehe, nikaifungua mbele yake: katriji ya sindano 3. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai siku 7 nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka, kwa hiyo meza inafutwa kwa klorini, wino unamiminwa kwenye kikombe cha mtu mmoja, na unaobaki unamwagwa. Kuchemsha sindano ya jana sufuriani si kutakasa.

Nikaivuta ngozi kwa vidole mpaka ikakaza, mashine kwenye volti 7, nikapita mara moja. Dakika haikuisha.

"Na akitaka upolisi?" dada akauliza, mstari ukiwa tayari umekaa. Hilo ni la kweli nami huwaambia wote: matangazo ya ajira za polisi hutaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana akajibu kwamba polisi hawachongi mitumbwi.

Nikampa masharti. Asafishe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, apake mafuta kidogo, asibandue magamba, asiingize mkono ziwani wiki mbili. Hilo la mwisho lilimsumbua, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa inakaribia, wavuvi wa dagaa, wanaotegemea giza na taa, wanapandisha vyombo, na ndipo kazi za kuziba na kubadilisha mbao zinapojaa. Tukakubaliana amwachie mwenzake kazi za majini, yeye abaki na za nchi kavu, mkono umefunikwa vumbi la mbao lisiingie. Keloidi hujionyesha baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo nikampa miezi sita.

"Kwa hiyo leo umelipia mstari," dada akamwambia wakitoka.

"Nimelipia maji," akasema. "Meli inakuja."